Vepu ndani ya mkahawa: kanjo ana sheria gani mkononi?

Swali limetoka kwa mama anayeendesha mkahawa katika mji mmoja wa magharibi mwa Kenya, si mbali na mpaka wa Uganda:

"Wakili, hujambo. Kuna kijana, mteja wangu wa kila siku, alikuwa ameketi meza ya ndani akivuta vepu, ile sigara ya kielektroniki. Wakaingia watu wawili waliojitambulisha kuwa kanjo, yaani askari wa kaunti, wakamkamata, wakasema kaunti imepiga marufuku kuvuta sigara mahali pa umma. Kijana akabisha kwamba kile si sigara, hakina moto wala moshi. Wakanigeukia mimi, wakasema nina kosa la kumruhusu, nitoe elfu tatu au wafunge mkahawa. Nilitoa, risiti sikupewa. Kijana alilala kituoni, akaachiliwa kwa dhamana, na karatasi aliyopewa inataja Sheria ya Kudhibiti Tumbaku. Nani ana haki hapa? Na je, niweke ilani ya kukataza vepu, au nitafukuza wateja bure?"

Sijambo, mama, na pole kwa hayo yaliyokupata. Ngoja nianzie pale maneno ya wale askari na karatasi yao yanapopishana. Kwa mdomo walitaja sheria ya kaunti, lakini kwenye karatasi imeandikwa sheria ya taifa. Hizo ni sheria mbili, zimetungwa na mabunge mawili, na mtu hushtakiwa kwa ile iliyoandikwa kwenye hati. Mahakamani hakuna atakayejali walichosema mlangoni pako. Kwa hiyo kesi ya huyo kijana itasimama au kuanguka juu ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, nayo tuisome kwa makini.

Sheria hiyo ilianza kutumika Julai 2008. Inakataza kuvuta tumbaku mahali pa umma, na mkahawa ni mahali pa umma hata kama jengo ni lako na hatimiliki iko kabatini. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi elfu hamsini, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mwenye mahali naye ana wajibu wake: asiruhusu uvutaji, na abandike ilani. Hadi hapo askari wana hoja.

Shida inaanza tukiuliza sheria hiyo inakataza nini hasa. Vepu ya kisasa ilibuniwa China na mfamasia Hon Lik mwaka 2003, na Bunge letu lilipokuwa likijadili mswada wa tumbaku kifaa hicho kilikuwa hakijajulikana huku kwetu. Walioandika sheria walikuwa na sigara, kiko na ugoro akilini. Hivyo vepu haikutajwa kwa jina popote ndani yake, na mawakili wa pande zote mbili wamebaki kuchambua maneno yaliyopo.

Upande wa mashtaka utashika maana ya "bidhaa ya tumbaku". Sheria inasema ni bidhaa iliyotengenezwa kwa tumbaku, yote au sehemu yake, pamoja na dondoo lolote la majani ya tumbaku. Nikotini nyingi inayotiwa kwenye vimiminika vya vepu hukamuliwa kutoka majani hayo hayo. Basi, watasema, kimiminika hicho ni dondoo, dondoo ni bidhaa ya tumbaku, na aliyekivuta mkahawani amevuta bidhaa ya tumbaku mahali pa umma. Ni hoja nzito, na wataalamu wengi wa afya ya umma wanaikubali.

Upande wa utetezi utaanzia kwenye kitendo chenyewe. Sheria inapozungumzia kuvuta, inazungumzia moshi na tumbaku iliyowashwa. Ndani ya vepu hakuna kinachowashwa. Betri inapasha waya moto, waya unachemsha kimiminika, kimiminika kinatoka kama ukungu. Tena si kila kimiminika kina nikotini, na nikotini nyingine siku hizi hutengenezwa maabara bila jani hata moja. Halafu kuna kanuni ya zamani inayofundishwa mwaka wa kwanza wa sheria: sheria ya jinai ikiwa na utata, utata huo humfaidi mshtakiwa. Katiba nayo, katika Kifungu cha 50, inakataza mtu kuhukumiwa kwa jambo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa.

Mimi ningekuwa namtetea kijana huyo, ningeongeza hoja moja ambayo mawakili wengi huisahau kwa sababu imelala kwenye sheria za kodi. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 inazitaja sigara za kielektroniki kwa jina, na inazitoza ushuru kwa safu yake yenyewe, mbali na sigara za kawaida. Mtoza ushuru ndiye aliyewahi kuzitambua, kama kawaida yake. Bunge lililojua jina la kifaa hicho lilipotaka kodi lingeweza kulitia pia kwenye sheria ya tumbaku kama lilitaka hivyo. Tena mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma aliwasilisha Seneti mswada wa kurekebisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, ambao lengo lake mojawapo ni kuingiza vepu na vifuko vya nikotini (vile vya kuweka mdomoni) ndani ya udhibiti huo. Wakili wa utetezi atauliza kwa upole: kama sheria ya 2007 ilikwisha kuvikataza, mswada ulikuwa wa nini? Hoja hiyo peke yake haimalizi kesi, maana wabunge hurekebisha sheria pia ili kuondoa shaka, lakini ina uzito.

Ubishi huu hatukuuanzisha sisi. New York walipambana nao miaka mingi. Kaunti ya Suffolk, nje kidogo ya Jiji la New York, ilikataza vepu mahali pa umma mwaka 2009, kati ya za kwanza kabisa Marekani. Jiji lenyewe likarekebisha sheria yake mwishoni mwa 2013, na katazo likaanza Aprili 2014. Sheria ya jimbo, hata hivyo, ilibaki na maneno yale yale ya tumbaku inayowaka. Mtu mmoja akashtakiwa kwa sheria hiyo ya jimbo kwa kuvuta vepu kwenye treni za chini ya ardhi, na jaji akafuta mashtaka: kisichowaka hakiwezi kuitwa kuvuta kwa maana ya sheria ile. Jimbo likaja kuziba pengo mwaka 2017 kwa kuandika vepu waziwazi. Uamuzi wa New York haumfungi hakimu wa kwetu, lakini mantiki yake inaweza kusomwa mbele yake.

Sasa tuje kwenye kaunti, maana swali lako la kweli, naona, ni kama serikali ya kaunti ina uwezo wa kukataza kitu hiki ndani ya biashara yako. Uwezo inao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma, huduma za afya za kaunti pamoja na kutoa leseni na kusimamia wauzaji wa chakula, na hata udhibiti wa dawa za kulevya. Bunge la kaunti likitaka kutunga sheria ya kurasa mbili isemayo "hakuna kuvuta vepu mkahawani, sokoni, stendi ya matatu wala uwanja wa michezo", msingi wa kikatiba upo. Katazo la kaunti kuwa kali kuliko la taifa hakulifanyi kuwa batili. Kifungu cha 191 kinashughulikia sheria mbili zinapogongana, na mara nyingi unaweza kuzitii zote mbili kwa wakati mmoja bila kuvunja yoyote.

Miji yetu, tena, iliwahi kutangulia taifa. Nakuru ilikataza uvutaji wa sigara hadharani mwaka 2006, Nairobi ikafuata 2007, kabla sheria ya taifa haijaanza kufanya kazi. Wakati huo huo Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alikuwa ametoa kanuni zake za kukataza uvutaji nchini kote, kampuni za tumbaku zikaenda mahakamani, na kanuni zikasimamishwa. Kwa muda fulani, basi, katazo lililokuwa na nguvu lilikuwa la manispaa.

Usiache, hata hivyo, mtu yeyote akutajie leo sheria ndogo za manispaa za wakati ule kana kwamba bado ziko hai na nguvu zote. Zilitungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ambayo ilifutwa ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Anayezitegemea anategemea nguzo iliyokwisha kung'olewa, na mtetezi mzuri atauliza swali hilo kabla ya jingine lolote.

Ili sheria mpya ya kaunti ikubane, kuna mambo hayana mkato. Iwe imepitishwa na bunge la kaunti, umma uwe umeshirikishwa kama Kifungu cha 196 kinavyotaka, na iwe imechapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Kifungu cha 199 kiko wazi: sheria ya kaunti haina nguvu hadi ichapishwe humo. Tangazo la gavana kwenye mkutano wa hadhara, barua ya afisa wa kaunti kwa wafanyabiashara, au ujumbe uliosambazwa WhatsApp na mwakilishi wadi, hivyo vyote ni habari tu. Askari akikwambia "kaunti imepiga marufuku", mwulize kwa heshima: ni sheria ipi, ya mwaka gani, kifungu kipi? Anayeijua kazi yake hatakasirika.

Utaona nasisitiza sana utaratibu, na wengine hudhani huo ni ujanja wa mawakili. Waulize waliokamatwa kwa shisha. Desemba 2017 Waziri wa Afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, alipiga marufuku shisha kwa kanuni zilizotolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Mahakama Kuu mwaka 2018 iliona kasoro katika utaratibu, ikampa waziri muda wa kuzirekebisha kwa kuzipeleka Bungeni. Miaka ikapita. Januari 2024, baada ya msako mkubwa, watu 48 walifikishwa mahakama ya Shanzu, Mombasa, na hakimu akawaachilia kwa sababu kazi ile ya kuzipeleka kanuni Bungeni haikuwa imefanywa. Hukumu ya hakimu haifungi mahakama nyingine, na sisemi kwamba shisha ni halali pale kwako, usiiuze. Nasema tu kwamba katazo ambalo nchi nzima iliamini lipo lilianguka kwa makaratasi. Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 inataka kanuni za waziri ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo zinakuwa batili, na bado ofisi kubwa hulisahau jambo hilo dogo. Kaunti itakayotaka kudhibiti vepu na ijifunze hapo.

Kwa kuwa uko karibu na mpaka, nikuongezee la Uganda. Wao hawakuingia kwenye ubishi wa maneno. Sheria yao ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 imekataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki, pamoja na shisha, na uvutaji umekatazwa hadi mita 50 kutoka mahali pa umma. Mteja wako anayevuka kutoka upande ule huenda akafikiri ndivyo ilivyo huku, na wa huku akivuka na katoni ya vepu za kuuza ataona cha moto.

Nirudi mkahawani. Kijana alisema hakina moto wala moshi. Moto kweli hakuna. Lakini kile anachokitoa puani si mvuke wa birika. Ni ukungu wa gliserini, propilini glaikoli, vionjo, mara nyingi nikotini, na chembe ndogo zinazobaki hewani kwa muda. Sumu zake ni chache kuliko za moshi wa sigara, hilo halina ubishi mkubwa kati ya watafiti, na anayeacha sigara akahamia vepu anapunguza sumu anazovuta. Anayekaa meza ya pili, hata hivyo, hakuchagua kuvuta chochote, na huenda ana mtoto mapajani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na hakisemi kama uchafu lazima uwe umewashwa kwa kiberiti.

Ndiyo maana jibu langu kwa swali lako la mwisho ni: weka ilani, wala usingoje kaunti wala Seneti. Huhitaji sheria ya mtu kuamua nini kifanyike kwenye mkahawa wako. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2006 iliyoondoa sigara kwenye baa na mikahawa ya huko haikugusa vepu, na kwa miaka mingi kila mwenye baa, duka au stesheni amekuwa akijiwekea kanuni yake. Mteja anayekataa kuifuata anaombwa atoke; akigoma kutoka, hapo amekuwa mtu aliyebaki kwenye mali yako bila ruhusa, na hilo ni kosa jingine kabisa ambalo halihitaji mjadala wa dondoo na ukungu.

Iandike kwa maneno yasiyoacha mlango wazi. "Hakuna kuvuta sigara" peke yake haitoshi, umekwisha kuona jinsi kijana alivyoibishia. Andika: "Humu hairuhusiwi kuvuta sigara, vepu wala kifaa chochote cha kielektroniki cha kuvuta, kiwe na nikotini au kisiwe nayo." Ibandike mlangoni na karibu na kaunta, na wafundishe wahudumu kuisema mteja anapoketi, kabla hajatoa kifaa. Mtu akishapuliza mara moja, ukimkataza ataona umemwaibisha mbele ya wenzake, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Meza za nje ni jambo la kufikiria zaidi. Ukitaka kuwaachia wavutaji vepu nafasi, waache nje, upande ambao upepo hauleti ukungu mlangoni. Wazo la kuwakusanya na wavuta sigara mahali pamoja lina kasoro. Mwaka 2016 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilishauri wavutaji vepu wasilazimishwe kukaa na wavuta sigara, maana wengi wao wanajaribu kuacha sigara, na unamrudisha mtu pale pale alipotoka. Ushauri huo naukubali, ingawa kwa mkahawa wenye meza nane najua hakuna nafasi ya kugawa makundi matatu. Ukilazimika kuchagua, kataza vyote ndani, na nje amua mwenyewe. Kuhusu kupoteza wateja: sigara zilipoondolewa mikahawani, kilio kilikuwa hicho hicho, na mikahawa haikufa.

Tena usishawishike kuuza vepu kaunta ili kufidia. Zinauzwa kwa rangi na vionjo vya matunda na peremende, na wanafunzi wanazipenda. Ukimuuzia aliye chini ya miaka 18, ubishi wa maana ya tumbaku utakuwa ubishi wako wewe, mbele ya hakimu.

Zile elfu tatu sasa. Sitakurembea maneno. Pesa iliyotolewa bila risiti ili mambo yaishe ni hongo, na Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamgusa mtoaji na mpokeaji. Najua ulitishwa, na kutishwa kunahesabika. Ndiyo sababu nakushauri uandike leo, mambo yakiwa bado mapya kichwani, tarehe, saa, walivyovaa, walichosema, nani alishuhudia, na umpelekee wakili kabla ya kupeleka malalamiko popote. Siku nyingine omba kitambulisho cha kazi na jina. Mwambie afisa kwamba kama una kosa akuandikie, utalijibu. Faini hutozwa na mahakama. Ada halali ya kaunti hulipwa kwa njia rasmi na huacha alama. Na leseni ya biashara haifutwi kwa mdomo. Kufungiwa kwa sababu za afya kunakuja na notisi iliyoandikwa na afisa wa afya ya umma, ambaye ndiye hasa mwenye kazi ya kusimamia sheria ya tumbaku. Mwenye notisi anaweza kuipinga. Mwenye kitisho cha mlangoni hana cha kupinga, na wanaokutishia wanalijua hilo.

Kijana naye alikuwa na haki ambazo sidhani aliambiwa. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kifungu hicho hicho kinasema mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa aliloandikiwa ni la miezi sita. Wakili wake na aulize kwa nini alilala kituoni.

Mwambie asiende mahakamani kukiri haraka ili arudi kazini, kama wengi wanavyofanya. Aitafute chupa ya kimiminika alichokuwa anavuta siku ile, au picha ya lebo yake. Kama imeandikwa haina nikotini, hoja ya dondoo la tumbaku inayumba. Kama ina nikotini, bado ni kazi ya mashtaka kuthibitisha kwamba imetoka kwenye tumbaku, na uthibitisho huo ni ripoti ya Mkemia wa Serikali, si kunusa kwa askari. Je, kifaa kilichukuliwa kama kielelezo? Kilitiwa sahihi? Kilipelekwa kupimwa? Kama kilirudishwa mfukoni mwake jioni ile ile, wakili wake atakuwa na maswali machache sana ya kuuliza, na shahidi wa mashtaka atakuwa na majibu machache zaidi.